Daftari la Vyungu Arobaini na Nane

2 Machi

Mvua ya kwanza imeshuka saa kumi alasiri, ikachapa bati nusu saa, ikaondoka bila kuaga. Nimeanza daftari jipya. Kabla ya kugeukia bustani nilikaa bohari miaka kumi na tisa, na bohari ilinifundisha jambo moja: kitu kisichoandikiwa tarehe, idadi na sahihi ya aliyekipokea, hicho hakikuwepo. Kwa hiyo msimu huu pia nitaandika mvua, mbegu, na watu walioniudhi.

4 Machi

Mdogo wangu wa kiume kasafiri miezi mitatu kupima barabara, na mkewe, aliyehamia kwangu na Mama juzi, kaniletea vyungu arobaini na nane. Upepo umeng'oa paa la kibanda chao chuoni, na utafiti wake wa udaktari hauna pa kukaa. Msimu huu ndio wa mwisho aliopewa. Ukipita bila matokeo, chuo kinafunga faili lake na miaka yote aliyosoma inakwenda na maji.

"Wifi, nahitaji sehemu yenye kivuli tu," aliniambia.

Hiyo "tu" sikuiamini. Vyungu vyake vimekula kibanda changu chote cha wavu, na mnanaa wangu umehamia ukutani kama mgeni aliyekosa kiti.

Mimi humwita Bi Mizani, moyoni na humu daftarini. Anapima kila kitu: udongo kwa gramu, maji kwa mililita. Jana nimemfuma akipima majani ya chai kabla ya kuyatia birikani. Mdogo wangu alitafuta mke, akaoa mizani.

5 Machi

Leo nimemuuliza hasa anatafuta nini. Kaacha kazi, kafuta mikono, kanieleza kama mtu aliyengoja kuulizwa tangu mwaka juzi.

"Unaijua zinki, wifi, ile wanayopaka kwenye mabati?"

"Naijua."

"Isage mpaka iwe unga. Usage tena ule unga, mpaka upate chembe ambazo hata hadubini ya kawaida haizioni. Hizo ndizo chembe nano. Siku hizi zimo kwenye rangi za nyumba, kwenye losheni za jua, hata kwenye nguo. Tukioga na kufua zinaingia mitaroni. Kutoka mitaroni zinaingia kwenye tope, na lile tope watu wanalibeba kuwa mbolea."

"Halafu?"

"Halafu mtu anachuma majani, anayasuuza, anayala mabichi. Nataka kujua mmea ulifanya nini kabla ya kufika kwenye sahani."

Kuna vyungu kumi na viwili vya udongo mtupu, kumi na viwili vyenye chembe kidogo, kumi na viwili vyenye chembe za wastani na kumi na viwili vyenye chembe nyingi. Vimechanganywa na kupewa namba, na siri ya namba imo kwenye kitabu chake. Atapanda giligilani, punje kumi kila chungu. Nikamwambia kwa madaha kwamba kila punje ya giligilani ni mbegu mbili zilizokumbatiana, na asipojua hilo hesabu itamshinda.

"Ndiyo maana nitahesabu miche, si punje," akasema. Kaniziba mdomo.

7 Machi

Kapanda. Amri yake: kikombe kimoja cha maji kila chungu, asubuhi, na nisiguse kitu kingine chochote. Miaka kumi na mmoja nakuza viungo vya majani, leo nafundishwa kumwagilia.

10 Machi

Mvua. Jembe analishika kama mtu anayebeba nyoka aliyekufa.

16 Machi

Kaenda chuoni siku nane. Kuna mashine anayoipangia foleni tangu mwaka jana na zamu yake imefika. Katuachia sufuria ya mchuzi. Mama kaonja kijiko kimoja, akaniuliza kama maji yamechemka.

17 Machi

Miche imechomoza.

18 Machi

Mvua kutwa. Konokono wawili, nimewatupa ng'ambo ya ua.

19 Machi

Mpishi wa hoteli ya jirani, mteja wangu wa siku nyingi, kaja kuchukua mnanaa. Kasimama mbele ya vyungu. Vingine vimejaa mpaka miche inasukumana, vingine vina miche mitatu minne kama ndevu za mvulana.

"Dada, mkono wako umeanza kuzeeka?" akasema, akacheka.

Mimi sikucheka. Hakuna aliyewahi kuona pengo kwenye bustani yangu. Mkulima yeyote angefanya nilichofanya: palipobanana punguza, palipo wazi jazia. Giligilani haipendi kuhamishwa, mzizi wake ukiguswa tu inasusa, lakini mimi naichota kwa kijiko cha chai pamoja na udongo wake, jua likiwa limepoa, na kuipanda pembezoni mwa chungu ambako hewa inapita. Haujanifia hata mche mmoja.

Kutoka 3 kwenda 19: miche sita. Kutoka 16 kwenda 7: mitano.

20 Machi

Kutoka 28 kwenda 22: saba. Kutoka 11 kwenda 30: sita. Kutoka 35 kwenda 41: saba.

Namba 41 ilinitia huruma, ilikuwa na vitoto vitatu vya manjano. Miaka minne ya ndoa, na kitu pekee alicholea mwanamke huyu ni vyungu, navyo kaviacha vinakondeana.

21 Machi

Kutoka 5 kwenda 9: minne. Jumla miche thelathini na mitano, na sasa hakuna chungu chenye chini ya kumi. Bi Mizani atafurahi. Si anapenda vitu vilingane?

25 Machi

Karudi kabla ya saa nne. Hakunywa hata maji. Kahesabu miche safu kwa safu, akarudia, akarudia mara ya tatu, kisha akageuza ndoo akaikalia.

"Wifi, sielewi. Chuoni, kwenye udongo wa chembe nyingi, mbegu nyingi hazikuota. Hapa zimeota karibu sawa na kwenye udongo mtupu."

"Labda ni mkono wangu," nikasema.

Akacheka. Sikumbuki kama niliwahi kumsikia akicheka, ana kicheko kikubwa kuliko mwili wake. Halafu kicheko kikakatika. "Basi matokeo yangu ya miaka miwili yana kasoro mahali," akasema, na kuanza kuhesabu mara ya nne.

Nikaenda kuchuma mnanaa ambao hakuna mtu aliyeuagiza.

26 Machi

Mvua.

27 Machi

Mvua. Sikusema kitu.

28 Machi

Mama ameniuliza mbona nafagia mahali pamoja tangu asubuhi. Nimemjibu kuwa pana uchafu. "Uchafu wa fagio hauondoki kwa fagio," kasema, akaongeza sauti ya redio.

29 Machi

Leo nitaandika kirefu.

Baada ya chai nilimkuta amekaa mkekani, karatasi za miaka miwili zimemzunguka. Alikuwa anamwandikia Profesa wake. Nikachungulia begani kwake, maana haya sina. Barua ilianza hivi: "Nina sababu ya kuamini kwamba majaribio yangu ya awali yalikuwa na makosa."

"Utampelekea kweli?" nikauliza.

"Leo hii."

"Si ungojee kidogo? Nani atajua?"

Akaniangalia kwa mshangao, si kwa hasira. "Wifi, hii si mashindano. Nikiandika kwamba chembe hizi haziidhuru mbegu, kuna mtu mahali atamwaga lile tope shambani kwa amani, kwa sababu mimi nilisema. Kama nimekosea, bora niseme mwenyewe, mapema, hata kama faili litafungwa."

Alisema "hata kama faili litafungwa" kwa sauti ile ile anayosemea "kikombe kimoja asubuhi." Mwanamke huyu alikuwa anabomoa nyumba yake tofali kwa tofali ili asimdanganye mtu asiyemjua, na mimi niliyeitia ufa nilikuwa nyuma yake nimeshika fagio.

"Hukukosea," nikasema. "Nilijazia mimi."

"Ulijazia nini?"

"Mapengo. Miche. Nilitoa kwenye vyungu vilivyojaa nikatia kwenye vilivyopungua. Vilionekana vibaya, wifi. Mpishi alinicheka."

Nilisikia maji yakidondoka kutoka bomba la nje. Akafumba macho.

"Mapengo ndiyo yalikuwa majibu," akasema taratibu. "Mbegu ambazo hazikuota. Nilizingoja hizo."

Nilitaka anitukane. Ningemjibu, tungegombana, tungemaliza. Badala yake akavuta kalamu. "Vyungu vipi? Mingapi? Siku gani?"

Mbio nikaenda chumbani, nikanakili namba zote kwenye karatasi safi kwa mwandiko wangu mzuri wa bohari, nikamletea. Akaisoma, macho yakaanza kupata uhai. Kisha akauliza, "Hii umeiandika lini?"

"Sasa hivi."

"Kutoka wapi?"

"Kwenye daftari langu."

"Basi karatasi hii haitoshi. Profesa atasema tumekaa tukaitunga. Nahitaji ile iliyoandikwa siku ile ile, kwa mkono ule ule. Wewe ulikuwa bohari, unalijua hilo kuliko mimi."

Nalijua. Ningekuwa yeye ningesema neno kwa neno hivyo hivyo. Nimemwambia daftari nitampa kesho.

30 Machi

Nimekaa nalo mapajani tangu alfajiri. Namba za tarehe 20 na yale maneno yako ukurasa mmoja, wino mmoja, mstari kwa mstari. Nikichana, nimechana ushahidi. Nikifuta, daftari lililofutwa si daftari, hata mlinzi wa bohari angelikataa.

Yako mengi humu. Nyoka, mchuzi, mizani, hayo tutacheka siku moja. Lakini lile la kulea! Nililiandika nimeshiba, nimekaa kivulini, sijui hata nilikuwa na hasira gani. Najua kwamba wamehangaika kupata mtoto, mdogo wangu aliwahi kuniambia. Niliandika nikijua.

Nampelekea. Akinichukia atakuwa na haki, na udaktari wake utakuwa salama.

31 Machi

Naandika nyuma ya kalenda kwa kuwa daftari liko kwake. Hakuja kula mchana.

1 Aprili

Kalirudisha. Macho yamevimba, nywele zimechanwa vizuri. Naibandika hapa ile karatasi ya kalenda.

"Wifi," nikaanza, "ule mstari..."

"Mstari upi?" akasema. "Mimi nimenakili namba tu." Anadanganya vibaya sana, hana mazoezi. Kisha akanipa kibunda cha uzi mwekundu. "Uliandika kwamba unapanda pembezoni. Nionyeshe kila mche uliouhamisha."

Tumepiga magoti saa tatu nzima, mimi naonyesha, yeye anafunga uzi shingoni mwa kila mche kwa vidole vya mshona shanga. Miche thelathini na mitano, yote imepatikana. Alipofika 41 alitoa ile saba yangu kwenye hesabu, akaandika: tatu.

"Tatu," akarudia, na uso ukamtulia. Majibu yake yalikuwa yamerudi.

4 Aprili

Mvua. Kikombe kimoja asubuhi.

9 Aprili

Kumbe yeye huamka kabla ya jua kupima urefu, kwa sababu majani hulegea joto likipanda na kipimo kikadanganya. Siku zote nilidhani anataka kuonekana mchapakazi.

17 Aprili

Vyungu vya chembe kidogo vimependeza kupita vyote, majani mapana ya kijani kibichi. Mpishi kaviona, katoa macho: "Nipe hivi!"

Bi Mizani kamkatalia kwa adabu. "Uzuri wa jani si cheti, kaka. Ngoja tulipime ndani."

Mpishi kaondoka akinung'unika, na mimi, mwenye bustani, nimejikuta nikimwambia, "Umesikia, ngoja lipimwe."

25 Aprili

Mvua siku tano mfululizo. Maji yalianza kuingia kibandani, naye akachimba mfereji. Jembe bado analishika vibaya, lakini kachimba mpaka mwisho, viganja vimetoka malengelenge. Nilipomfunga kitambaa aliniuliza kama kuna namna bora ya kulishika. Nimemfundisha. Jambo hilo lilihitaji kuulizwa tu, na mimi miaka minne nilikuwa nangoja aulize huku namcheka.

3 Mei

Kapika. Nimetia chumvi mwenyewe, kimya kimya. Kaniona, akaendelea kupakua.

14 Mei

Siku ya kung'oa. Nilidhani atavuta miche kama sisi tunavyovuta. La. Kila chungu kilizamishwa kwenye beseni la maji, udongo ukaachia wenyewe, mzizi ukatoka mzima na nywele zake. Akautandaza juu ya kitambaa cheusi kilicholowa, akaupima, akauandika, akaukata, akauweka kwenye bahasha yake. Tangu asubuhi hadi jua linaegemea, hakuharakisha hata mmoja, hata ule wa mwisho uliokuwa mbovu kabisa. Mizizi ya udongo mtupu ilikuwa mirefu na myeupe. Ya chembe nyingi ilikuwa mifupi, minene nchani, rangi ya chai. Na ile niliyoihamisha mimi ikiwa na afya tele, yenye uzi mwekundu, ilikuwa imekunja ncha zake ilipokutana na udongo ule, kana kwamba imegusa chungu cha moto.

Niliitazama ile mizizi nikaona haya. Juu kote kulikuwa kijani, nami nilijisifu kwa kijani. Huyu mwanamke ndiye aliyetaka kujua cha chini.

Nimemaliza siku nikisuuza mabeseni. Nikitaka kumfananisha na mtu, namfananisha na mkuu wangu wa kwanza wa bohari, yule aliyehesabu misumari mmoja mmoja na ambaye sote tulimlia alipostaafu.

22 Mei

Majibu ya mashine yamekuja. Kwenye vyungu vyetu, zinki nyingi ilibaki mizizini, lakini ilipanda majanini pia, kadiri chembe zilivyoongezeka. Hata yale majani mazuri ya mpishi yanayo. Kama ni kiasi cha kudhuru mlaji, anasema hajui, na ataandika kwamba hajui. Nimemuuliza kwa nini asikisie. Kaniangalia kama nimemwomba aibe.

27 Mei

Profesa kaja mwenyewe. Mzee mwembamba, miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani. Kakagua vyungu, bahasha, nyuzi, kisha akasema, "Hilo daftari lenyewe nilione. Nakala sitaki."

Nikalileta. Bi Mizani akaniomba kwanza, akaingia nalo ndani kidogo, akatoka akamkabidhi. Mzee akafungua toka mwanzo, ukurasa kwa ukurasa, mimi nimesimama kama mshitakiwa.

"Wewe ni mtafiti?" akaniuliza.

"Nilikuwa bohari, Profesa."

"Inaonekana." Akafunua. "Na huyu Bi Mizani ni nani?"

Nilitamani ardhi ifunguke. Wifi yangu akajibu bila kupepesa, "Ni mimi."

Mzee akasoma lile la mchuzi, akakohoa kikohozi kirefu ambacho hakikuwa kikohozi. Akafika tarehe 20. Juu ya mistari miwili palikuwa pamebandikwa kipande cha karatasi.

"Hapa pamefunikwa nini?"

"Jambo la nyumbani, Profesa. Namba zote ziko wazi."

Akamtazama, akanitazama, akafunua ukurasa. Mwishowe akasema ushahidi anaukubali. Vyungu kumi na viwili nilivyovigusa vitaripotiwa peke yavyo, hesabu ya kuota inasimama, na faili haliendi popote. Ila kosa lazima liandikwe wazi.

"Nimeshaliandika," akasema wifi, akampa ukurasa. Nilisoma kwa pembeni. Ulisema kuwa miche ilihamishwa kwa sababu mtafiti alimkataza msaidizi kuigusa bila kumweleza kwa nini.

"Si kweli!" nikaropoka. "Kosa ni langu!"

"Nilikueleza kila kitu kasoro hilo, wifi. Nilikuona mtu wa kumwagilia." Akageuka kwa Profesa. "Iandikwe hivyo hivyo."

Mzee alipoondoka nilimuuliza kwa nini alifunika ile mistari. Nilidhani ni aibu yake.

"Angekuona mtu mbaya," akasema huku akikusanya mabeseni. "Na wewe si mtu mbaya. Siku ile ulikuwa umeudhika."

28 Mei

Mvua zimekwisha. Anga safi. Vyungu vimeoshwa na kupangwa ukutani, mnanaa umerudi mahali pake.

Leo nimekibandua kile kipande cha karatasi taratibu, kwa mvuke wa birika. Nyuma yake pana mwandiko wake mdogo wa penseli: "Haihusiani na matokeo."

Nimelia, siwezi kuandika vinginevyo. Kisha nimechukua kalamu, na chini ya ile mistari yangu miwili nimeandika kama tulivyoandika bohari: *28 Mei. Kutoka kwangu kwenda kwa wifi: samahani, moja.* Nikaacha nafasi ya sahihi, nikampelekea daftari likiwa wazi pale pale.

Alikuwa jikoni, anapima chai. Akasoma. Akaweka kijiko chini. Kisha akaandika, akanirudishia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akatia majani birikani bila kuyapima.

*Imepokelewa ikiwa kamili.*
*Bi Mizani.*